Koti la Marehemu Lililotiwa Weusi

"Mtu hulijua koti lake kwa kitu gani?"

Niliulizwa swali hilo siku yangu ya kwanza kazini, katika chumba cha uani mjini Tarime. Aliyeniuliza ni mwanamke ambaye wateja wote walimwita Mama Fundi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, koti la ngozi mapajani, sponji mkononi, na hakuinua macho kuniangalia. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya sosholojia, na barua zangu za kuomba kazi zilikuwa zimezunguka mkoa mzima bila kujibiwa.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Nimekuuliza."

"Kwa rangi."

"Rangi tunabadilisha."

"Kwa vifungo, basi."

"Vifungo vinauzwa sokoni. Tunabadilisha."

"Kwa linavyomkaa mabegani."

"Wenye mabega ya namna moja hapa Tarime ni wangapi? Haya, msomi, endelea."

Alicheka, akanirushia tambara, na kazi ikaanza. Nilidhani ananipima, kama mabosi wanavyowapima wageni. Ilipita miezi ndipo nikajua kwamba wiki ile ile alikuwa ameletewa koti la wizi bila kujua, akaligeuza kutoka kijani kuwa jeusi, na mwenye koti akalitambua sokoni likiwa mgongoni mwa mtu mwingine, mara tu alipopishana naye. Mama Fundi hakuwa ananipima. Alikuwa anataka kujua.

Mtaniona mdogo kuandika kumbukumbu za kazi. Wanaoandika kumbukumbu hizi kwa kawaida wana mvi, walianza ukarani wakaishia ukurugenzi, na picha yao ya kuagwa imetundikwa ukutani. Mimi sina mvi wala picha. Lakini kazi yangu imekufa kabla yangu, kwa hiyo nimestaafu, na mstaafu ana haki ya kuwachosha vijana.

Kazi yenyewe ilikuwa kuyapa makoti ya ngozi ya mitumba rangi mpya. Tarime kuna baridi, na mwanamume wa huku anaweza kukosa viatu lakini akatafuta koti la ngozi. Yanapita Sirari, mpakani, yakiwa yamefungwa kwenye marobota, yamekunjamana, yamepauka viwikoni na kolani. Tuliyafanyia nyumbani, kwa vifaa vya nyumbani, na ninaeleza hapa kwa sababu wengi wanadhani ni kupaka tu.

Kwanza unapima. Dondosha tone la maji juu ya ngozi. Likinywewa, ngozi ni ngozi. Likisimama kama jicho la samaki, ni plastiki, mrudishie mwenyewe. Kisha unasafisha kwa tambara na povu la sabuni ya kipande, unakausha kivulini, halafu unaondoa mafuta. Hapo ndipo palipokuwa na tina, ile ya kuyeyushia rangi za magari. Unaloweka pamba, unafuta, pamba inageuka nyeusi, unachukua nyingine. Usipoondoa mafuta rangi haishiki. Inakaa juu kama malai ya maziwa, na mvua ya kwanza inaondoka nayo. Penye mng'ao unapitisha msasa laini. Rangi ya unga unaiyeyusha kwa spiriti, unaipaka kwa sponji kwa kuzungusha, nyembamba, unaacha ikauke, unarudia. Mwisho unapaka laka ili isiambukize shati la mtu.

Kitu kinachowaumbua wanafunzi ni nyuzi. Uzi wa viwandani hauli rangi. Koti linakuwa jeusi, mishono inabaki kahawia, na kila mtu anajua lilikuwaje. Nyuzi tulizipaka moja moja kwa kijiti kilichofungwa pamba, na mgongo ulilia.

Yote hayo yalifanyika mlango na dirisha vikiwa vimefungwa.

"Kwa nini tunajifungia?" niliuliza wiki ya kwanza.

"Vumbi. Punje moja ikitua kwenye laka, umeharibu."

"Na hewa hii ya tina?"

"Ina nini?"

"Mama, inauma macho."

"Utaizoea. Au chuo kilikufundisha kuziba pua?"

Niliizoea. Nakumbuka asubuhi moja alinipa chai ya maziwa yaliyokuwa yamechacha kiasi kwamba nilikimbilia nje nayo. Yeye alikunywa kikombe chake mpaka mwisho, akauliza kama nimeshiba. Nilidhani ni ubahili.

Mwaka wa pili nilihamishiwa Sirari kwa muda, kuchagua mali kabla haijapandishwa bei. Mkubwa wangu huko alikuwa Bwana Stoo, mtu aliyezaliwa upande wa pili wa mpaka, ambaye hakupenda kichupa changu cha maji.

"Wewe madam, weka hiyo maji chini. Unanipimia jaketi kama daktari anapima malaria?"

"Hii ni plastiki, bwana."

"Plastiki iko wapi? Hiyo ni ngozi mzuri sana. Hata ng'ombe yenyewe ikiona italia."

Ilikuwa plastiki. Mwaka ule plastiki ilikuwa moja moja ndani ya robota. Miaka miwili baadaye ngozi ndiyo ilikuwa moja moja. Nilirudishwa Tarime, na ndipo alipokuja Bibi Mugesi.

Alitoka Itiryo na koti ndani ya mfuko wa sandarusi. Nyuma yake alikuja msichana wa umri wangu akiwa na mtoto wa kiume mgongoni. Jina lake Nyangi, na alikuwa mke wa Bibi Mugesi. Kwa msiotoka huku: mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume huweza kuiolea nyumba yake msichana, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba ile na warithi wapatikane. Tunaita nyumba ntobhu. Mimi niliyesoma jamii za watu kwa miaka mitatu nilimvuta Nyangi pembeni nikamuuliza kama aliulizwa kabla ya kuolewa.

"Na wewe uliulizwa kabla ya kupelekwa shule?" alinijibu.

Koti lilikuwa la kahawia, la mume wa Bibi Mugesi, aliyekuwa amezikwa karibuni. Ngozi yenyewe ilikuwa nzito, ya zamani, na marehemu alikuwa akiipaka samli kama watu wa zamani walivyopaka ngozi zao zote.

"Litie weusi," bibi alisema.

"Weusi wa kiasi gani, mama?" Mama Fundi aliuliza.

"Wa kwamba mwenyewe akifufuka alipite."

Katika ukoo ule, siku ya kumaliza msiba nguo za marehemu hutolewa nje na kugawiwa ndugu zake. Koti ndilo kubwa. Atakayeondoka kikaoni nalo likiwa mabegani ndiye atakayeisemea nyumba ile: ng'ombe, shamba, mahari. Mdogo wa marehemu alikuwa ameshatangaza kwamba ni lake. Akilipata, shamba la mtoni ambalo Bibi Mugesi alikuwa akililima tangu ujana lingekuwa chini yake, na mtoto aliyekuwa mgongoni mwa Nyangi angekuwa mpangaji kwenye ardhi ya nyumba yake mwenyewe.

"Kwa nini usilifiche tu?" niliuliza. Mama Fundi alinikanyaga mguu, lakini bibi alinijibu.

"Mjukuu, una mume?"

"Sina, bibi."

"Ndiyo maana unauliza. Shemeji zangu watapekua mpaka ndani ya vihenge. Watatafuta la kahawia. Tena mimi silifichi. Nitalivaa. Kikao kikifungwa nitaondoka nalo mabegani wakiniona wote. Mila inasema atakayeondoka na koti. Haikusema koti liwe kahawia. Haikusema anayeondoka awe na ndevu."

"Mbili tatu unazo, mama," Nyangi alisema, na bibi akamrushia kanga usoni. Tulicheka sote, hata mimi niliyekuwa nimeshaanza kuandaa maswali mengine.

Sikuwahi kufanya kazi kama ile. Samli ilikuwa imeingia mpaka ndani, na tulimaliza kopo zima la tina tukiikimbiza. Rangi ilikataa mara ya kwanza, tukafuta, tukaanza upya. Tulitoa zipu, tukaweka vifungo vya chuma. Nyuzi nilizipaka mwenyewe. Tulipofika kwenye bitana, kile kitambaa cha ndani, Mama Fundi alitaka kukibandua aweke kipya.

"Hicho acha," bibi alisema. "Hakionekani."

Siku alipokuja kulichukua alilitandaza mapajani, akalitazama, akaingiza uso wake wote ndani ya kola. Alikaa hivyo. Alipouinua alikuwa anatabasamu.

"Bado yumo," alisema.

Niliyachukulia kama maneno ya wazee. Nilikuwa na haraka ya kwenda kuona kama weusi wangu utapita.

Nilikwenda Itiryo kwa kisingizio cha kusaidia kupika. Asubuhi ilikuwa ya baridi na mawingu, kisha jua likatoka kali kama linavyofanya huku baada ya mvua. Wazee walikaa kwenye viti vya plastiki, nguo za marehemu zikiwa juu ya mkeka: mashati, suruali mbili, kofia. Mwenyekiti wa ukoo, mzee mnene mwenye sauti ya chini, aliagiza kiti cha Bibi Mugesi kiletwe kando ya chake ili majibu yake yasikike. Bibi akaja na koti jeusi mwilini, akakaa. Mimi nilikuwa na sufuria ya ugali mkononi na nilisahau kuitua.

"Koti liko wapi?" Mwenyekiti aliuliza.

"Liliibwa wakati wa matanga. Watu walikuwa wengi."

"Na hilo?"

"Mtumba. La Sirari."

Mwenyekiti aliinama, akashika mkono wa koti kwa vidole viwili, akapapasa mshono. Akavuta pumzi ndefu. Alikuwa mzee na mnene, na jua lilikuwa kali.

"Sirari wana mali nzuri," alisema.

Mdogo wa marehemu aliruka. "Mzee, mimi naomba tupekue tena! Koti haliwezi kutembea lenyewe."

"Keti, mura. Mmepekua siku mbili, mmemwaga mpaka mtama wa watu. Koti limepotea." Akageuka ili wote wamsikie. "Nyumba isiyo na koti haina msemaji. Isiyo na msemaji, shamba lake linasemewa na ukoo. Tutaligawa."

Hakuna aliyewahi kusikia mila hiyo, kwa sababu hakuna aliyewahi kupoteza koti.

"Hiyo imeanza lini?" Bibi Mugesi aliuliza.

"Kwani koti lipo?" Mwenyekiti alimuuliza kwa upole kabisa. "Kama lipo lilete, tumvike shemeji yako sasa hivi. Kama halipo, nimeshasema."

Bibi akisema lipo, linavuliwa mwilini mwake na shamba linakwenda kwa shemeji. Akisema halipo, shamba linakwenda kwa wote. Alikaa na koti la mumewe mabegani na akasema halipo.

Shamba la mtoni lilikatwa vipande siku ile ile. Kipande kilichogusa maji kilimwangukia Mwenyekiti. Bibi aliachiwa nyumba na uwanja wa kuanikia mtama. Kikao kilipofungwa aliondoka nalo mabegani, kama alivyoahidi, akiwa kwa mila yao wenyewe msemaji wa nyumba isiyokuwa na cha kusemea.

Nilimfuata. "Bibi, twende baraza la ardhi la kata. Huu ni uonevu."

"Nikawaambie nini? Kwamba niliiba koti la mume wangu nikalipaka rangi?"

Njiani kurudi Tarime niliona aibu kwa sababu, chini ya hasira yangu yote, kulikuwa na kitu kingine: nilikuwa najivunia ule weusi. Wazee wote wale, macho yote yale, na haukuonekana mshono.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Natta. Kambi moja ya watalii ilitaka madereva wake wote wavae makoti ya rangi moja, kwa kuwa alfajiri ya mbugani ina baridi na wageni hupenda kupiga picha. Mkubwa wangu alikuwa Meneja Msaidizi, kijana nadhifu aliyeamini kila kitu kinaweza kuagizwa kwa simu. Nilimwandalia makoti mazuri ya ngozi, kahawia iliyokolea. Msimu uliofuata akaagiza mapya.

"Haya hayahitaji rangi," aliniambia.

Niliweka tone la maji. Likasimama.

"Hayahitaji kwa sababu hayapakiki," nilimjibu. "Yatabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua."

"Yakibanduka tutaagiza mengine."

Yalibanduka, na wakaagiza mengine. Hiyo ndiyo historia nzima ya jinsi kazi yangu ilivyokufa, na hakuna mtu aliyeitisha kikao.

Niliendelea na viatu na mikoba ya wapishi. Siku moja nilikuwa nimebandika wali nyuma ya kibanda changu, nikaendelea kupaka kiatu. Dereva mmoja alikuja mbio. "Dada! Unapika au unachoma mkaa?" Moshi ulikuwa umenizunguka. Nilikuwa nimeuona, nikadhani ni vumbi la gari.

Daktari wa hospitali ya wilaya aliniambia nifumbe macho. Nilingoja, nikamuuliza ataanza lini.

"Nimeshamaliza," alisema. Alikuwa amenipitishia pamba ya spiriti puani, kisha kitunguu, kisha kitu ambacho hakutaka kunitajia. Aliniuliza nafanya kazi gani. Nilipomweleza juu ya tina na dirisha lililofungwa, aliandika kwa muda mrefu kisha akasema niiache kazi. Nikamwambia kazi imeshaniacha.

Jioni ile nilimpigia simu Mama Fundi.

"Mama, kahawa inanukiaje?"

"Mwanangu," alisema, "mimi nilidhani ni uzee."

Vijana wananiuliza kama ningeshauri mtu aanze kazi hii. Swali halina maana, ngozi hakuna. Lakini wakiniuliza juu ya kazi yoyote nyingine, nawaambia wafungue dirisha kwanza, halafu wamsikilize bosi. Nawaambia pia wasiamini sana maswali yao. Mimi niliuliza maswali mengi maishani mwangu, kwa wazee, kwa wahadhiri, kwa wateja, na nikajiona mkali kwa sababu tu nilikuwa nauliza. Sikuwahi kumuuliza Bibi Mugesi alikuwa na maana gani aliposema bado yumo.

Mwaka huu Nyangi alikuja Natta. Anafua mashuka kambini. Uwanja wa kuanikia mtama haulishi mtu. Alinieleza kwamba bibi amefariki, na akatoa kutoka kwenye mfuko wa sandarusi lile koti. Weusi wangu ulikuwa umelika viwikoni, na kahawia ilikuwa imejitokeza kama goti la mtoto.

"Lirudishie rangi yake," alisema. "Mwanangu akikua alivae likiwa lenyewe."

"Nimestaafu, dada. Hata tina sina."

"Basi." Alilishika kidogo, kisha akalisogeza usoni kwangu, kama mtu anayekupa mtoto umbusu. "Bado. Sikia."

Nilivuta pumzi. Hapakuwa na kitu. Nilivuta tena, na Nyangi akanitazama kwa namna ambayo bila shaka Mama Fundi alitazamwa na watu wengi.

"Husikii harufu? Tumbaku yake. Na samli. Iko kwenye bitana yote. Likipata jua ndiyo kabisa. Siku ile ya kikao bibi alipotupita jikoni tulisikia. Nilijua tumekwisha. Halafu yule mzee akasema limepotea, nikafikiri Mungu amemziba pua."

"Labda hakusikia," nilisema. "Alikuwa mzee."

Nyangi alilikunja koti, akalirudisha mfukoni. Jioni ya siku ile ya kikao, alinieleza, aliambiwa awabebee wazee nyama yao mpaka njia panda. Alitembea nyuma yao na sufuria kichwani, na hakuna aliyejali kama anasikia.

"Nimekaa mchana kutwa na marehemu puani," Mwenyekiti aliwaambia wenzake, na wote wakacheka.